Timu imeshinda mechi 14, ikatolewa usiku mmoja. Nielezeni

BintiTanga_MN · Jumanne, 14 Januari 2025

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Najua humu wengi wenu ni wa Simba, Yanga na Arsenal, lakini mlioko Marekani nisaidieni, maana jana nimetoka kazini nimenuna kama mfiwa.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, huku Minnesota. Zamu ya jioni niko kwa mzee mmoja ambaye ni shabiki wa Vikings, timu ya hapa ya mpira wa Kimarekani, tangu ianze kucheza mwaka 1961. Nilipofika kwake miaka mitatu iliyopita, mpira huu niliuona vurugu tupu. Wanaume wamevaa mito mabegani, wanagongana sekunde tano, halafu wanasimama dakika nzima kupanga watakavyogongana tena. Yeye ndiye aliyenifundisha, kwa kupanga vidonge vyake juu ya sinia. Una nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Ukifika, unapewa nyingine nne. Usipofika, mwenzio anauchukua. Nilipolielewa hilo tu, nikanasa.

Msimu huu ndio umenimaliza. Hakuna aliyetutegemea. Kwotabeki (yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi) kijana waliyemchukua awe wa miaka mingi, J.J. McCarthy, aliumia goti Agosti kabla ligi haijaanza. Tukabaki na Sam Darnold, mtu aliyezunguka timu kadhaa bila kutulia, kaja kwetu kwa mkataba wa mwaka mmoja. Basi huyohuyo akatupa ushindi wa mechi tano za mwanzo, ya tano ikichezwa London dhidi ya Jets. Tukapoteza mbili ndani ya wiki moja, kisha tukashinda tisa mfululizo. Hesabu ya mwisho: ushindi 14, vipigo vitatu.

Mzee ana kalenda ya duka la dawa jikoni. Kila mechi anaandika matokeo kwa penseli ndani ya kisanduku cha tarehe. Ile ya 2024 mpaka leo iko ukutani. Tarehe mosi nilitaka kuitoa akanikataza, akasema mwaka hauishi mpaka msimu uishe. Za Januari anaziandika chini pembeni, nje ya Desemba.

Sasa, tarehe 5 Detroit wakatuchapa 31-9. Jana, kwenye mtoano, Rams wa Los Angeles wakatuchapa 27-9. Darnold kaangushwa akiwa na mpira mkononi mara tisa! Nilikuwa nahesabu kwa vidole nikabakiwa na kimoja. Mpira ulipomponyoka, yule Jared Verse akauokota na kukimbia nao yadi 57 hadi kufunga, mzee hakusema neno. Alipapasa rimoti kwenye blanketi, akazima sauti, picha akaiacha, akaniomba nimletee dawa zake za saa tatu. Ilikuwa saa mbili na robo.

Naomba kuelimishwa. Inakuwaje timu yenye ushindi 14 iende ugenini kwa timu yenye ushindi 10? Na huu mtoano wa mechi moja bila marudiano ni haki gani? Halafu kuna hili la laana. Kila mtu hapa anasema timu hii imelaaniwa. Mimi ni wa Tanga, mambo hayo msinifundishe, lakini hili silioni kuwa la mganga. Kuna kitu kiliharibika na mimi nilikuwa sikioni.

Matokeo ya jana mzee hajayaandika. Naondoka saa nne usiku, penseli iko palepale juu ya friji.

YangaDamu · Jumanne, 14 Januari

Pole dada. Mechi 17 halafu unatolewa kwa moja? Huku kwetu angalau kuna marudiano, unarudi nyumbani na ngoma na matarumbeta, unajipanga. Hao wenzenu waongeze mechi, wapunguze matangazo. Na hiyo mito mabegani nayo mbona raga hawavai?

Mzalendo612 · Jumanne, 14 Januari

Marahaba mdogo wangu. Mimi ni Mkenya, niko hapa Minneapolis tangu 1997, kwa hivyo haya maumivu nimeyaonja kabla yako. Wacha nianze na hilo la ugenini.

NFL, yaani ligi yenyewe, ina pande mbili, kila upande timu 16, na ndani yake makundi manne ya timu nne nne. Anayeongoza kundi lake anapewa namba kati ya 1 na 4, hata kama rekodi yake ni ya kawaida tu. Waliobaki wanagombea namba 5, 6 na 7, na hao lazima waanzie ugenini. Shida yetu ni kwamba tuko kundi moja na Detroit, na Detroit walimaliza na ushindi 15. Rams walikuwa 10 kwa 7 (ushindi 10, vipigo 7) lakini wakaongoza kundi lao. Ni hivyo tu.

Kwa hivyo ile mechi ya tarehe 5 ndiyo iliyokuwa fainali yetu, watu hawakuisoma vizuri. Aliyeshinda anakuwa namba 1, analala wiki nzima, kisha anacheza kwake. Aliyeshindwa anatupwa hadi namba 5. Hakuna timu yenye ushindi 14 iliyowahi kuingia mtoano kwa mlango huo kabla yetu. Kisha moto ukawaka Los Angeles, kwao Rams, mechi ikahamishiwa Glendale, Arizona, na hata hapo Rams ndio waliohesabiwa wenyeji.

Kuhusu laana, nisikufiche, naiamini kidogo. Super Bowl, yaani fainali ya ligi, wamecheza nne, kati ya 1970 na 1977, zote wameshindwa. Msimu wa 1998 walikuwa 15 kwa 1. Mpigaji wao Gary Anderson hakuwa amekosa hata mkwaju mmoja wa kupitisha mpira kati ya nguzo msimu mzima, na ule wa yadi 38 ambao ungefunga hesabu na kuwapeleka Super Bowl, ndio huo akakosa. Atlanta wakashinda 30-27 muda wa ziada. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu hapa, sikuwa nauelewa mchezo, lakini nilikuwa kwenye basi jioni ile na dereva alikuwa analia. Nikafikiri labda kuna msiba kwao.

Tena Januari 2016, dhidi ya Seattle, hiyo nilikuwa ndani. Uwanja mpya ulikuwa bado unajengwa, tukachezea ule wa wazi wa chuo kikuu, nyuzi 21 chini ya sifuri. Kakao niliyonunua iliganda ukingoni kabla sijafika kitini. Tuko nyuma 10-9, mwishoni kabisa, Blair Walsh ana mkwaju wa yadi 27. Hata wewe dada ungejaribu. Ukaenda kushoto. Kilichonishangaza ni ule ukimya, na sauti ya viatu vya watu wakishuka ngazi kwenye barafu.

Kwa hivyo jana nilipoona Darnold anang'ang'ania mpira kama mtu aliyesahau ameshika nini, nilizima nikaenda kulala. Kosa ni lake. Anapewa sekunde tatu anataka tano.

RagaNakuru · Jumatano, 15 Januari

Mzee wangu 612, heshima yako, lakini hapo kwa Darnold nakupinga. Nimecheza raga miaka kumi nikiwa mbele, na mtu wa mbele akiangalia mechi haangalii mpira, anaangalia miguu ya wanaosukumana.

Dada, unatafuta kitu kilichoharibika? Kiliharibika tarehe 24 Oktoba, tena mbele ya Rams haohao, ile mechi waliyotupiga 30-20. Christian Darrisaw, mkingaji wa kushoto, aliumia goti na msimu wake ukaishia hapo. Kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia hugeukia kulia, mgongo wake unabaki upande wa kushoto. Anayesimama pale ndiye macho yake ya kisogoni. Baada ya siku chache wakamleta Cam Robinson kutoka Jacksonville, wakaziba pengo. Lakini ukiziba ukuta kwa tofali la nyumba nyingine unalazimika kusogeza na mengine ili likae, na katikati ya ukuta wenyewe hapakuwa imara tangu mwanzo. Jana nimerudia kuangalia zile mara tisa. Nyingi zilianzia katikati, mkingaji wetu mmoja anasukumwa kinyumenyume hadi anamkanyaga Darnold mwenyewe. Kuna kweli anazochelewa, sikatai. Lakini mtu akishaangushwa mara nne anaanza kuona watu hata pale wasipokuwepo, na hapo ndipo anapong'ang'ania.

Yaani hiki kidonda kilikuwa wazi tangu Oktoba, ila ukishinda mechi tisa mfululizo nani atainua suruali akuonyeshe kidonda?

YangaDamu: raga hawavai mito kwa sababu huruhusiwi kumgonga asiye na mpira. Huku ruksa. Na Mkenya amewahi kuingia humu, Daniel Adongo, alitoka raga akaenda Indianapolis Colts mwaka 2013. Kwa hivyo tuko na haki ya kuchambua!

Fundi_wa_Goma · Jumatano, 15 Januari

Mimi niko hapa Glendale, usiku ule nilikuwa naelekeza magari maegeshoni. Nitasema nilichoona. Rams walileta watu wao kwa mabasi kutoka California, lakini jezi za zambarau za Vikings zilijaa vilevile. Kuna baba mmoja na binti yake, kofia zenye pembe, aliniambia ameendesha gari siku mbili. Nilimwona tena anatoka mechi haijaisha. Pembe moja ya kofia ilikuwa imevunjika, binti ndiye ameishika. Nikamwambia pole sana, kwa Kiswahili, lilinitoka tu. Akaitika.

YangaDamu · Jumatano, 15 Januari

Nimeanza kuelewa. Ni kama timu yenye mshambuliaji anayefunga kila wiki huku beki wa kati anacheza na nyonga mbovu, na uongozi unasema tutaangalia dirisha dogo.

BintiTanga_MN · Jumapili, 19 Januari 2025

Asanteni sana, na poleni kwa kuchelewa, nilikuwa nimepewa zamu za ziada.

RagaNakuru, maneno yako niliyachapisha kwa herufi kubwa nikampelekea mzee, nikamtafsiria kipande cha kidonda na suruali. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaniambia nikaichukue ile kalenda ukutani nimletee.

Miaka mitatu naipangusa vumbi kalenda yake na sijawahi kuisoma sawasawa. Tarehe 10 Novemba kaandika 12-7, ile ya Jacksonville ambayo Darnold alitoa mpira kwa wapinzani mara tatu, na pointi zetu zote 12 zikatoka kwa mikwaju ya mguu. Pembeni ya matokeo kuna alama ndogo ya kuuliza. Tarehe 24, Chicago, 30-27 muda wa ziada: alama ya kuuliza. Tarehe 1 Desemba, Arizona, 23-22: nyingine. Sisi tunarukaruka, mimi nampigia dada yangu simu Muheza namwambia tumeshinda tena, kumbe mwenzangu anaweka alama zake kimyakimya. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia? Akasema, ulikuwa unafurahi.

Mzee 612, na maneno yako nimemfikishia. Mzee wangu kasema ile ya 2016 aliangalia kwenye televisheni, na mkwaju ulipokwenda kushoto aliinuka akaenda kukoroga chai ambayo hakuwa ameiweka sukari.

Jana jioni tumeangalia Detroit. Namba 1 wetu, waliolala wiki nzima, wako nyumbani kwao, wamekula 45 kutoka kwa Washington. 45-31! Nilidhani mzee atafurahi. Akasema tu, "Maskini," akarudisha sauti ya televisheni, nikajua amepona.

Mechi ilipoisha akaomba penseli. Akaandika 27-9 pale pembeni, chini ya 31-9, mkono unatetemeka kidogo ila tarakimu zinasomeka. Kisha akasema sasa iondoe, lete ya mwaka huu. Nikaitundika ya 2025, akaniambia nifungue Aprili, akazungushia duara tarehe 24. Nikamuuliza kuna nini. Drafti, akasema. Mimi kwa uelewa wangu drafti ni ile ya barazani, vizibo vya soda juu ya ubao, nikamwambia kwetu Tanga tunacheza kila siku baada ya alasiri, haina haja ya kusubiri Aprili. Ikabidi anieleze: ni siku timu zinapogawana wachezaji wapya wanaotoka vyuoni, na mwaka huu inafanyika Green Bay, kwa watani wetu wa jadi.

Ameniuliza kama tarehe 24 nina zamu. Nimemwambia nitaomba. Na wikiendi ijayo namletea ubao na vizibo, sita vya Fanta na sita vya Coca-Cola nimeshapata, bado kumi na viwili.