Kontena ya futi 20 inakula rangi kiasi gani? Fundi na dogo wamenichanganya

mama_duka_mbagala
Wakuu habari zenu. Nina kontena ya futi 20 nataka niifanye duka la vipodozi, nikamwita fundi anipigie hesabu ya rangi ya nje, kapima urefu 6.06, upana 2.44, kimo 2.59 kazidisha vyote kaniambia ni mita 38. Dogo hapa home yupo fomu tu kasema ni 73 na pointi. Sasa nani mkweli maana hela yenyewe ya mkopo 😩

Kichwa Ngumu
Dada fundi kakupa ujazo huo, yaani nafasi ya mzigo. Rangi haipakwi kwenye hewa 😂

ticha_wa_zamu
Dogo kapatia kidarasa, mche mstatili una nyuso sita zinazofanana mbili mbili. Mbavu ndefu 6.06 × 2.59 mara mbili ni 31.4, mbele na nyuma 2.44 × 2.59 mara mbili 12.6, juu 6.06 × 2.44 ni 14.8 na chini hivyo hivyo. Jumla 73.6. Ila wewe chini hupaki, toa 14.8 inabaki 58.8 mita za mraba.

spana13
Sawa ticha ila kontena lina mikunjo, sio boksi la viatu. Mama chukua futi kamba, pima mita moja ya ubavu ikiwa imenyooka, halafu irudie hapo hapo ukiilaza ndani ya kila mkunjo, ikisoma 1.2 basi ubavu unauzidisha kwa 1.2. Milango haina shida hiyo sana.

mama_duka_mbagala
Asanteni jamani 🙏 kumbe! Halafu ubavu mmoja umegusana na ukuta wa jirani hata mkono hauingii

ticha_wa_zamu
Basi toa 15.7, umebaki na 43.1. Ukiweka na mikunjo ya spana13 tuseme 50. Kupaka mara mbili ni 100, kopo likiandika lita moja mita 10 hiyo ni lita 10, nunua galoni tatu za lita nne nne.

Kichwa Ngumu
Na fundi akikwambia tano mwambie akuoneshe anapaka wapi

spana13
Kutu ikwanguliwe kwanza na praima ipigwe, hiyo ina hesabu yake haimo kwenye hizo galoni tatu.