Tupeane uzoefu: wewe unapangaje muda ukifanya kazi za onlaini?

Wa Section 58, Nakuru
Wadau habari. Mimi nafanya transkripsheni, yaani nasikiliza sauti zilizorekodiwa na kuandika yanayosemwa, na nilikuwa nakaa kwa laptopu saa mbili asubuhi mpaka giza linaingia halafu nikihesabu kazi yenyewe ni kama masaa matatu, zingine zote zimeisha WhatsApp. Ndio nikajaribu Pomodoro, hiyo mbinu ya Mwitaliano Francesco Cirillo, alianza nayo akiwa chuo miaka ya 1980 na kale kasaa ka jikoni kenye umbo la nyanya, unapiga kazi dakika 25 unapumzika 5, ukimaliza raundi nne unapumzika kirefu. Lakini 25 zilinikatia, sauti ikiwa na watu watatu wanaongea pamoja dakika kumi za kwanza ni za kuzizoea tu. Nikaweka 45 kwa 10. Simu naiacha juu ya friji, na kusema ukweli hiyo ndio imenisaidia kuliko saa. Nyinyi je?

Kondele, Kisumu
Mteja wangu yuko New York, tunakutana saa kumi na moja jioni yetu. Machi mwaka jana nikaingia nikakuta mkutano umeisha, niliumia sana jamani. Kumbe wao Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza saa mbele, Novemba wanarudisha, sisi zetu haziguswi, kwa hivyo tofauti inatoka masaa nane inakuwa saba. Sasa nina saa mbili ukutani, ya huko nimeizungushia tepu nyekundu.

Mama wawili, Kakamega
Huku mvua ya mchana ikinguruma tu stima imeenda. Kwa hivyo kazi ya kuaplodi namaliza kabla ya saa sita, na mchana nabaki na ya kuandika ambayo haitaki intaneti. Chaji ndio saa yangu, betri ikifika asilimia 20 nasimama, nawasha jiko, watoto wanakaribia kutoka shule.

Njoro
@Section 58 na mteja akikutafuta katikati ya hizo 45?

Wa Section 58, Nakuru
Nimewaambia wote najibu saa nne, saa saba na saa kumi. Mmoja alininunia wiki nzima, siku hizi ananiandikia kila kitu kwa meseji moja.