DDS (Shahada ya Udaktari wa Meno) nimekosa awamu zote mbili: Tabibu Meno, kurudia mtihani, Maabara au nje ya nchi? Naomba mnilinganishie

BintiMeru
Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa. Nimemaliza Form Six mwaka huu, PCB, Division One ya pointi 9: Biolojia B, Kemia C, Fizikia D. Niliomba DDS Muhimbili awamu ya kwanza, nikakosa. Awamu ya pili nikaomba tena, nikakosa. Chuo kimoja binafsi kimenichagua Shahada ya Maabara ya Afya na mwisho wa kuthibitisha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni Ijumaa.

Nimekulia Usa River, maji yetu yana floridi na nusu ya darasa letu la msingi tulikuwa na meno ya kahawia. Kwa hiyo meno sikuyachagua juzi kwenye kitabu cha TCU. Mezani kwangu kuna njia nne: nikasome Maabara, nikasome diploma ya Tabibu Meno, nirudie mtihani kama PC (mtahiniwa wa kujitegemea), au nimfuate wakala anayemwambia baba kwamba nafasi China na India zipo nje nje. Baba anataka China. Mama anataka nithibitishe Maabara nisibaki nyumbani. Mimi tangu majina yatoke silali vizuri.

MamaPili
Mwanangu, pole sana. Kabla ya hizo njia nne, toka kwanza kwenye lile grupu la darasa lenu, hata kwa wiki mbili. Wangu wa kwanza alikosa Udaktari mwaka juzi, na kilichomtesa kuliko kukosa kwenyewe kilikuwa picha za wenzake wakinunua makoti meupe. Na wale wa mtaani wanaouliza "umechaguliwa wapi?", wape jibu moja fupi, "bado napanga", usiwaeleze historia yote. Ukimweleza kila mmoja utalia mara kumi kwa siku. Kula, lala, halafu Jumatano ukae na wazazi. Hiyo Ijumaa isiwafanye mgombane.

Mwalimu_Fizikia_Moro
Binti, hukufeli. Kigezo cha chini cha DDS ni principal (ufaulu kamili wa somo) tatu za Fizikia, Kemia na Biolojia zenye jumla ya pointi 6, kwa hesabu ya A=5, B=4, C=3, D=2. Wewe una 4+3+2, yaani 9. (Usichanganye hii 9 na 9 ya Division, ile huhesabiwa kinyume, wazazi wengi hupotelea hapo.) Kigezo umekivuka. Kilichokutoa ni foleni: viti ni vichache na walio mbele yako wana A na B.

Maana yake ni kwamba kuomba tena mwakani kwa cheti hichohicho ni kucheza bahati nasibu. Ukirudi kwenye foleni, rudi na alama nyingine. Fizikia ikipanda kutoka D hadi B unakuwa na 11, na hapo unazungumzika.

Ila kurudia kama PC si kukaa chumbani na madaftari ya zamani. Fizikia ina karatasi tatu, na ya tatu ni ya vitendo. Tafuta kituo chenye maabara inayofanya kazi kweli, siyo chenye kabati la vioo lililofungwa kwa kufuli. Usajili wa PC hufanyika mwaka unaotangulia mtihani wa Mei, kwa hiyo ulizia leo, siyo Januari. Na kabla hujalipa, andikia chuo uwaulize kama watakubali Fizikia ya mwaka mmoja iunganishwe na Biolojia ya mwaka mwingine. Wakijibu kwa mdomo, omba maandishi. Ningekuwa wewe ningerudia yote matatu nijiondolee mashaka.

KoleoNaKioo
Mimi ni Tabibu Meno, niko kituo cha afya kimoja Nyanda za Juu Kusini. Naomba niiseme diploma ilivyo, maana humu huwa inasifiwa na watu ambao hawajawahi kushika koleo.

Ni miaka 3, NTA 4 hadi 6 (ngazi za vyuo vya kati), maombi yanapita NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo. Kitakachokuuma ni hiki: sifa ya kuingia ni ya Form Four, yaani Kemia, Biolojia na Fizikia za kidato cha nne. Utakaa dawati moja na watoto waliokupishana miaka miwili, na kuna siku utajiuliza Form Six ulienda kufanya nini. Hiyo hupita ukianza vitendo, kwa sababu hapo anayeng'ara ni mwenye mkono, siyo mwenye cheti kikubwa.

Kazini nang'oa, naziba, nasafisha meno, naenda shule za msingi kukagua na kufundisha. Taya lililovunjika, uvimbe na upasuaji mkubwa natuma kwa daktari mkoani. Kompresa (mashine ya hewa) ya kiti ikiharibika, kuziba kunasimama na wiki nzima inakuwa ya kung'oa tu, hata jino ambalo lingeokoka. Hilo linaumiza kuliko mshahara. Halafu kuna akina mama wanaoleta kichanga chenye homa na kuharisha wakitaka nimtoe "meno ya plastiki". Ni vichipukizi vya meno yake mwenyewe, havihusiani na homa, na wengine wanakuja kwangu baada ya mganga kushachimba ufizi kwa spoku ya baiskeli. Maneno ya kumtuliza yule mama hakuna chuo kilichonifundisha.

Kwenda DDS baadaye mlango upo: diploma yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi, pamoja na masomo yako ya Form Four. Lakini 3.0 ni kama ile 6 aliyosema mwalimu, ni ya kukuruhusu kupanga foleni. Na hesabu yake ni hii: miaka 3 ya diploma, 5 ya DDS, 1 ya intaniship (mazoezi ya hospitalini baada ya shahada). Tisa, hata kama hukukaa kazini katikati. Ukirudia mtihani na ukafaulu ni 1+5+1, saba.

BintiMeru
Asante mwalimu, asante kaka Koleo. Hiyo tisa imenishtua kidogo. Kaka, ungekuwa na cheti changu ungechukua ipi? Na mkopo kwenye diploma upo kweli?

KoleoNaKioo
Mkopo: kuanzia 2023/2024 Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha baadhi ya diploma, za afya zikiwemo. Fungua mwongozo wa mwaka huu uone kama kozi yako imo, usiamini picha zinazozunguka WhatsApp.

Ningechukua ipi? Jiulize ungekuwa radhi kubaki Tabibu Meno maisha yako yote endapo DDS haitakuja kabisa. Kama ndiyo, njoo, kazi ni nzuri. Kama unaitaka diploma kama daraja tu, utaichukia kabla ya mwaka wa pili.

Alirudi_Na_Shahada
Nimesoma meno China, nimerudi, nafanya kazi Dar. Mwambie baba maneno haya taratibu.

Darasani Kiingereza kilitosha. Kliniki mgonjwa ni Mchina na anaeleza maumivu yake kwa Kichina. Usipojua lugha unageuka mtazamaji, na meno hayasomwi kwa macho. Wakati wenzangu wa Muhimbili walikuwa wameshang'oa mpaka wamechoka, mimi mwaka wa nne nilikuwa bado natoboa meno ya plastiki (ya maabara, siyo yale ya Koleo) kwenye kichwa cha bandia. Nilijifunza mkono nyumbani, kwenye intaniship, kwa aibu na kwa msaada wa tabibu mmoja wa diploma aliyenizidi mbali.

India lugha ni nafuu, BDS (shahada yao ya meno) ni miaka minne na mmoja wa intaniship, ila kuna NEET, mtihani wa kujiunga, na wageni nao hutakiwa kuufanya. Wakala akisema "hakuna mtihani wowote, leta pasi ya kusafiria tu", huyo mpe chai aende zake.

Kabla ya kulipa hata shilingi: TCU wanatoa barua ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, iombe kwa jina la chuo na la kozi. Ukirudi, shahada itatambuliwa na TCU kwanza, kisha utakutana na Baraza la Madaktari Tanganyika na mtihani wao kabla ya kuruhusiwa kugusa mgonjwa. Na Bodi usiitegemee kwa ada ya huko. Mwulize baba: mwaka wa tatu biashara ikiyumba, ada itatoka wapi? Niliwaona waliorudi nusu njia. Hao hawana diploma wala shahada, na hakuna wa kuwapokea mwaka walioishia.

Sisemi nje ni kubaya. Nasema nje ni kwa mwenye pesa ya miaka yote mitano mkononi na moyo wa kujifunza lugha. Na chuo ukitafute wewe, siyo wakala.

PCB_Mstaafu
Naona Maabara inanyanyaswa humu. Niliingia Maabara nikiwa na hasira kama zako, leo siwezi kubadilisha. Unasoma damu, vimelea, bakteria, na huamshwi saa nane usiku na mtu mwenye jipu la jino. Lakini niliipenda nilipoacha kuiita "chaguo la pili". Darasani kwetu walikuwepo walioendelea kuomba Udaktari kila mwaka kwa siri. Waliharibu GPA na Udaktari hawakuupata.

Utasikia pia "thibitisha kwanza, utahamia DDS ukiwa ndani". Uhamisho upo kwa utaratibu wa TCU, ila unahitaji sifa za ile kozi na kiti kilicho wazi. DDS kiti wazi ukipate wapi? Usiingie chuo kwa imani hiyo. Na ukichukua mkopo wa Bodi kwa kozi unayopanga kuiacha Machi, deni halitaachwa pamoja na kozi.

Kamau_wa_Thika
Jirani hapa. Kwetu Kenya hadithi ni ileile, majina tu tofauti. BDS ya serikali iko Nairobi na Moi, KUCCPS (wanaopanga wanafunzi vyuoni) inapanga kwa alama za klasta, yaani za kundi la masomo, na ukikosa watu wanakwambia uende KMTC, chuo cha afya cha serikali, usome Afya ya Kinywa ya Jamii, diploma ya miaka mitatu. Dada yangu alienda. Ana kazi, na watu wa mtaa wanamwita daktari, yeye amechoka kuwasahihisha. Hajarudi BDS na hana mpango. Sijui kama hiyo inakusaidia, lakini humu watu wanaongea kama kila tabibu analia usiku.

Dada_Minneapolis
Poleni na hongereni. Huku Marekani mtu anamaliza kwanza digrii ya miaka minne, anafanya mtihani wa DAT, ndipo anaomba shule ya meno, minne mingine. Kukataliwa mara ya kwanza ni kawaida na shule nyingine hukubali kuongea nawe wakueleze palipopungua. Mdogo wangu, piga simu chuoni uwaulize kwa nini.

PCB_Mstaafu
Dada, ukipiga hiyo simu huku utaambiwa "ushindani", kisha laini ikatwe. 😂

Mwalimu_Fizikia_Moro
Nimpinge Koleo kidogo. Swali lake la "ungebaki tabibu maisha yote" ni zuri kwa mtu mwenye D tatu. Huyu ana B ya Biolojia. Kumpeleka kwenye njia ya miaka tisa kwa sababu ya D moja ya Fizikia ni kumpunja. Mwaka mmoja wa kurudia ni mfupi.

KoleoNaKioo
Mwalimu, ni mfupi ukifaulu. Ukirudia ukapata D ileile? Nyumbani, kila jirani anajua uko nyumbani, hakuna kengele wala mwalimu. Nimewaona walioshuka. Kwenye diploma, mwaka wa tatu ukiisha ana kazi mkononi, DDS ije isije.

Mwalimu_Fizikia_Moro
Hapo nakubali. Kwa hiyo jibu liko kwenye swali moja: hiyo D ilitokana na nini? Binti, sema ukweli, vitendo mlifanya?

BintiMeru
Vitendo tulifanya vya Form Six muhula wa mwisho tu, mwalimu wa Fizikia hatukuwa naye mwaka mzima wa Form Five. Nadharia nilijisomea na wenzangu.

Mwalimu_Fizikia_Moro
Basi D yako ni ya kukosa mwalimu. Hiyo hutibika. Ingekuwa umefundishwa vizuri miaka miwili ukapata D, ningekwambia uende kwa Koleo leo.

BintiMeru
Tumekaa jana mimi, baba na mama. China imetoka mezani. Baba alipomwuliza wakala kuhusu barua ya TCU, amekuwa hapokei simu. Maabara sitathibitisha, mama amekubali kwa shingo upande. Zimebaki mbili, kurudia na diploma. Baba anasema kama kuna kituo chenye mwalimu na maabara Arusha mjini, atalipa mwaka mmoja, mmoja tu. Nikikosa, naomba Tabibu Meno bila kulia. Kaka Koleo, ikifika huko chuo nitakichaguaje? Vyote kwenye orodha vinaonekana sawa.

KoleoNaKioo
Nenda mwenyewe, usitume mtu. Usiulize ada kwanza. Uliza wana viti vingapi vya meno vinavyofanya kazi siku hiyo, wanafunzi wa mwaka wa tatu ni wangapi, na mazoezi wanafanyia hospitali gani. Kisha mtafute mwanafunzi mmoja nje ya geti umwulize ameziba meno mangapi kwa mkono wake. Akianza kuhesabu "tuliona", ondoka.

MamaPili
Na ukipata hicho kituo Arusha, rudi hapa utuandikie jina la mtaa, kuna mtoto wa dada yangu Tengeru ana D ileile.