Mrejesho: Mwongozaji wa peke yangu Rio de Janeiro

Wakuu, niliuliza hapa kama nikodi mwongozaji wa peke yangu Rio au nijiunge na kundi. Nilikodi. Asubuhi mlima Corcovado ulikuwa ukungu mtupu, ile sanamu ya Yesu ya mita 30 haionekani hata kidole. Dada mwongozaji wangu akasema, "Tusipande sasa hivi," akanipeleka Valongo, gati la mwaka 1811 waliposhushwa watumwa wa Kiafrika, hata wa kutoka Msumbiji. Ni shimo tu la mawe ya mviringo kando ya barabara. Nilisimama pale nikashindwa kupiga picha. Alasiri tukapanda mlimani, ukungu umeisha, mbingu safi kabisa! Bei iliniuma, sifichi. Ila na kundi ningeishia kupiga picha na ukungu.