Tunalala kwenye neti kila siku ila malaria haiishi nyumbani, shida nini?

mama_wa_bahi:
Habarini wakuu, mimi niko Bahi huku kwenye majaruba ya mpunga. Watoto wanalala kwenye neti yenye dawa na naichomekea mwenyewe chini ya godoro, ila tangu mvua zianze huyu wa pili kila akipimwa anakutwa na malaria. Jirani ananambia hizi neti hazina kazi bora nizungushie bustani. Mwenye uelewa anisaidie jamani nimechoka kushinda zahanati

mzee_wa_viluwiluwi:
Pole sana dada. Kuanzia saa moja jioni mpaka mnaingia kulala mnakuwa wapi?

mama_wa_bahi:
Tuko nje tu, napikia nje tunakula nje, watoto wanacheza karibu na zizi la mbuzi, kulala kama saa nne hivi

mzee_wa_viluwiluwi:
Basi hapo ndo mnapoumwa na mbu. Kuna mbu anaitwa Anopheles arabiensis, huyo anahimili ukame wa huku kwetu, anazaliana kwenye majaruba hayo hayo na hata kwenye nyayo za ng'ombe zilizotuama maji, anakunywa damu ya mifugo na ya watu na hasubiri mlale, jioni mko nje ye kashaanza. Wenzake gambiae na funestus wao wamezoea usiku wa manane ndani ya nyumba, hao neti inawaweza. Kwa hiyo neti usiitoe kabisaaa, ukiitoa unaongezewa na wa usiku juu ya hao wa jioni

kijana_wa_Nkuhungu:
Huku mtaani kwetu mbu wanatupigia kelele usiku kucha na malaria siioni sana, inakuwaje

mzee_wa_viluwiluwi:
Hao wengi ni Culex, wanatoka kwenye mashimo ya choo na maji machafu, malaria hawaenezi ila matende wanaeneza. Wa malaria mwangalie akitua ukutani, anainua mkia juu

nesi_wa_kijijini:
Naongezea, mbu jike akinyonya vijidudu vya malaria haambukizi siku hiyo hiyo, vinakomaa ndani yake siku kumi au zaidi. Ndo maana dawa ya neti ina maana, mbu akiigusa akafa mapema hajafikia kumuambukiza mtu. Mama, jioni wavalishe mikono mirefu na suruali, wapake dawa ya kufukuza mbu, chakula mkiweza mle ndani, madirisha weka wavu na ile nafasi kati ya ukuta na bati iziba. Na mtoto amalize dozi yote ya dawa mseto hata akichangamka siku ya pili. Wakubwa nao wapimwe, mtu mzima anaweza kuwa na vijidudu asiumwe, mbu wakawa wanavichota kwake wanampelekea mtoto

mama_wa_bahi:
Asanteni sana, baba yao hajawahi kupimwa hata siku moja, kesho naenda naye