Viatu vya boti vya Magnum, raba, espadrili au soli nene: kipi kinabeba mtindo ule?

NahodhaWaNchiKavu

Wakuu, habari za jioni.

Nimeanza kurudia Magnum, P.I. kutoka mwanzo, ile tamthilia ya mpelelezi wa Hawaii ya Tom Selleck iliyorushwa na CBS kuanzia 1980 hadi 1988. Safari hii nimejikuta siitazami Ferrari, natazama miguu. Jamaa kavaa kaptula fupi kuliko heshima inavyoruhusu, shati la maua, viatu vya boti vya ngozi ya kahawia bila soksi, na bado anaonekana yuko sawa kuliko Higgins, msimamizi wa makazi anayoishi, na tai yake. Mimi nikivaa hivyo nafanana na mtu aliyetoka mara moja kumwaga taka.

Nataka jozi moja tu na nimebakiza nne za kuchagua. Kuna Sperry Top-Sider za kawaida, ngozi ya kahawia na soli nyeupe. Kuna Sebago Docksides, ambazo kwa macho yangu ni zilezile ila pua yake ina pembe zaidi. Kuna Timberland za soli nene yenye meno. Halafu kuna espadrili, vile vyepesi vya soli ya kamba, maana kuna mtu kaniambia mtindo wa bila soksi ni wa Sonny Crockett wa Miami Vice, si wa Magnum.

Sina boti wala sina mpango wa boti. Ni lami, vigae, na mara mojamoja ufukwe. Nisaidieni.

SoliNyeupe

Mkuu, kabla hujalinganisha, geuza kiatu uangalie chini, kwa sababu hapo ndipo kiatu cha boti kinapozaliwa. Paul Sperry alikuwa baharia wa matanga huko Connecticut, na kilichokuwa kinamsumbua ni kuteleza kwenye sitaha iliyolowa. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba alimwona mbwa wake, Prince, akikimbia juu ya barafu bila kuanguka, akamkamata na kumchunguza nyayo. Akakuta zimejaa mipasuko midogomidogo inayokwenda kila upande. Akachukua kipande cha mpira na kisu, akaiga. Mwaka 1935 kiatu kikaingia sokoni.

Mikato ile haionekani kiatu kikiwa kimetulia. Ukikunja soli ndipo inafunguka kama kurasa. Ukikanyaga, maji yanapata pa kukimbilia na kingo za mpira zinang'ata sakafu. Tairi za majira ya baridi zinatumia ujanja huohuo. Na weupe wa soli si urembo: mpira mweusi unaacha alama kwenye sitaha, na mwenye chombo hatakualika tena.

Kwa hiyo kwenye vigae vilivyolowa, Sperry na Sebago ziko daraja moja. Docksides zilitoka 1970, zimejengwa kwa mawazo yaleyale, ngozi yake mara nyingi ni ngumu kidogo mwanzoni na zinakaa na umbo lake muda mrefu zaidi. Mguu wako ukiwa mpana, jaribu Sebago kwanza. Tofauti nyingine ni za macho tu.

Timberland ya meno ni kitu kingine kabisa. Meno yale yameundwa kwa udongo na majani. Kwenye kigae kilicholowa, meno machache makubwa yanagusa sehemu ndogo ya sakafu kuliko soli bapa yenye mikato mia. Ni kiatu kizuri cha kutembelea, lakini ukikivaa na kaptula fupi unaonekana umeazima miguu ya mtu mwingine.

DadaWaMsimuWaNne

Nahodha, swali lako limeanzia dukani, mimi nakurudisha kwenye luninga.

Hebu jiulize, Magnum ana nini chake? Nyumba anayolala ni ya wageni, ndani ya makazi ya tajiri Robin Masters huko Oahu, kisiwa cha Hawaii. Ferrari 308 GTS ni ya Robin Masters. Helikopta ni ya rafiki yake T.C., na kila akiipanda anadaiwa mafuta. Klabu anakokunywa kwa mkopo, rafiki yake Rick ndiye anayeiendesha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; Higgins amelishika hilo jembe misimu minane hajapata pa kulikabidhi. Alicho nacho Magnum ni kofia ya timu ya besiboli ya Detroit Tigers, shati, pete inayofanana na za rafiki zake wa vitani, na viatu vile.

Na viatu vile si vya bahati mbaya. Huyu alikuwa afisa wa jeshi la majini aliyesoma Annapolis, chuo cha maafisa wa jeshi hilo, akapigana Vietnam, akaacha kazi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la majini la Marekani liliwavalisha mabaharia wake viatu vya Sperry. Baada ya vita vikawa vya watoto wa matajiri wenye vilabu vya matanga, kisha vya wanafunzi wa vyuo vya kifahari, na ilipofika 1980 vilikuwa kila mahali pwani ya mashariki ya Marekani. Kwa hiyo unaweza kumsoma kwa namna mbili: mwanajeshi wa majini aliyebakiza kiatu tu, au kijana anayeishi kama tajiri kwa jasho la tajiri. Kiatu kinakubali vyote viwili. Higgins akivaa kiatu cha kamba kilichong'arishwa, kinamaanisha kitu kimoja tu, na unakijua kabla hajafungua mdomo.

Ndiyo maana nakuambia, ukinunua vipya ukavivaa vikiwa vinang'aa, umenunua viatu vya Higgins.

Kipepe

Kwa Kiswahili chetu kuna neno la mtu asiye na kitu na asiye na haraka: lofa. Na Waingereza wana kiatu cha kuchomeka mguu wanachokiita kwa neno hilohilo. Sasa nashangaa kwa nini Magnum alivaa cha boti, wakati chake kilikuwa kinamsubiri kwa jina 😂

FundiUzi

Kipepe umenichekesha. Lakini tofauti ya hivyo viwili ni kamba, na kamba ndiyo nataka kuizungumzia, maana watu wengi hawajui kazi yake.

Kwenye kiatu halisi cha boti, kamba ya ngozi haiishii mbele. Inaingia kwenye matundu ya ubavuni, inazunguka nyuma ya kisigino, inatokea upande wa pili. Ukiivuta mbele, kisigino kinabana. Ndiyo maana unaweza kukivaa bila soksi na kisikuvuke ukikimbia, na Magnum anakimbia sana. Kwenye jozi za kuiga kamba ya ubavuni ni pambo: imeshonewa ndani au imekatwa nusu. Ukiwa dukani, shika kamba ya ubavuni uivute taratibu. Kamba ya mbele isipocheza, rudisha kwenye rafu.

Cha pili ni ujenzi wa mokasini. Kiatu cha kawaida ngozi inakuja kutoka juu na kuishia kwenye soli. Mokasini halisi ngozi inaanzia chini ya wayo, inapandishwa pande zote, inashonewa kwenye kipande cha juu kwa ule mshono wenye mikunjo unaouona puani. Mguu unalala ndani yake kama mtoto kwenye mbeleko. Bidhaa nyingi za siku hizi, hata za majina makubwa, zina mshono ule lakini chini ya wayo kuna kitambaa au gamba. Unavaa sura ya mokasini.

Anayetaka ya kweli kabisa, jimbo la Maine huko Marekani bado lina washonaji wa mkono. Quoddy na Rancourt ni majina mawili ya huko. Bei yao iko juu, lakini soli ikiisha wanakuwekea nyingine. Soli iliyobandikwa kwa gundi peke yake ikiisha, kiatu kimeisha.

Cha tatu, matundu ya kamba. Yawe ya shaba ya manjano. Shaba inafubaa, haili kutu. Niliwahi kununua jozi ya bei rahisi yenye matundu ya chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Chumvi ya bahari iliifanyia kazi ndani ya mwezi, kutu ikachora machozi ubavuni mwa kiatu kizima. Tena ile "mikato" ya soli ilikuwa mifereji ya mapambo tu, ukikunja haifunguki. Niliteleza mbele ya wakwe. Sisemi zaidi.

Mkalimani77

Mimi napinga kidogo. Wote mnamsema Magnum kama vile alizaliwa na viatu vya boti. Kuna vipindi vingi tu yuko kwenye raba, hasa pale kuna kufukuzana. Selleck alipotoa vitu vyake vya Magnum kwa makumbusho ya Smithsonian, vilivyokwenda ni shati, kofia na pete. Viatu havimo. Kwa hiyo hata wenyewe hawakuviona ndiyo roho ya mtindo.

Ushauri wangu: chukua raba za turubai, nyeupe, za chini. Zinafuliwa, hazinuki haraka, hazikuombi mafuta.

DadaWaMsimuWaNne

> *Viatu havimo. Kwa hiyo hata wenyewe hawakuviona ndiyo roho ya mtindo.*

Mkalimani, shati na kofia vilikwenda makumbusho kwa sababu vinajionyesha. Shati jekundu lenye ndege unaliona ukiwa jikoni. Viatu huvioni, unavihisi, ndivyo vinavyofanya mavazi mengine yasionekane ya kuigiza. Mvalishe Magnum yuleyule, shati lilelile, viatu vyeusi vya ofisini, uone kama hatakuwa mtalii aliyepotelewa na mizigo.

Ila kwa raba za turubai hujakosea. Sperry wenyewe wana kiatu cha turubai chenye soli ileile ya mikato, cha tangu miaka ya mwanzo kabisa. Hicho nakipa namba mbili.

SoliNyeupe

Tusisahau espadrili, mwenye mada aliuliza.

Crockett wa Miami Vice, 1984 hadi 1989, ndiye aliyefanya watu watupe soksi. Kinachonifurahisha ni hiki: Crockett anaishi ndani ya boti ya matanga, na mamba wake Elvis, lakini havai viatu vya boti. Anavaa vya kuchomeka vinavyofanana na suti ya kitani. Magnum anaishi nchi kavu na ndiye anayevaa vya baharini. Crockett amevaa kwa ajili ya mtu anayemtazama. Suti ile imepangwa kuanzia bega hadi kisigino. Magnum amevaa kilichokuwa karibu na mlango.

Kama kiatu, espadrili soli yake ni kamba ya juti iliyosokotwa. Ni nyepesi, ina ubaridi, inapendeza. Ikinywa maji inavimba, inalegea, na ukiiacha na unyevu inaanza kuoza. Ufukweni hapana, kwenye mvua hapana.

NahodhaWaNchiKavu

Nashukuruni sana. Dada, ile hesabu ya mali za Magnum imeninyamazisha, sikuwahi kuiona hivyo.

Basi espadrili na Timberland nimezitoa. Maswali mawili. Saizi: nichukue kubwa kidogo kama raba? Na suala la bila soksi, tuwe wakweli, harufu je?

FundiUzi

Saizi usiongeze. Ngozi isiyo na bitana inatanuka kwa upana baada ya wiki chache, kwa urefu haitanuki. Kinunue kikiwa kimekukumbatia, vidole vikigusa mbele bila kukunjika. Kikiwa huru siku ya kwanza, mwezi wa pili kitakuwa sapatu.

Usivivae siku mbili mfululizo, ngozi inahitaji siku ya kutoa jasho. Kuna soksi fupi zisizoonekana, vaa bila aibu, hata Selleck alikuwa anarudi nyumbani baada ya kazi. Vikiingia maji ya chumvi, suuza kwa maji baridi ya kawaida, jaza karatasi za gazeti, weka kivulini. Jua kali na moto vinakausha ngozi hadi inapasuka kwenye mkunjo wa vidole. Vikikauka, paka mafuta ya ngozi kidogo. Kidogo! Ukivilowesha mafuta vinakuwa laini kama mlenda na mshono unalegea.

Kipepe

Na usivipige brashi vikang'aa, Dada atakuja kukukamata.

NahodhaWaNchiKavu

Wakuu, wiki tatu zimepita. Nilijaribu zote mbili dukani, Sperry na Sebago. Nikavuta kamba za ubavuni kama Fundi alivyosema, muuzaji akanitazama kama mwizi. Zote zilicheza. Sebago ilinibana juu ya wayo, Sperry ikakaa, nimechukua kahawia ya kawaida. Kisigino cha kulia kilinitoa lengelenge siku mbili za mwanzo, sasa kimetulia. Tayari vina doa moja la kahawa, sijalifuta.

Tatizo moja: kamba zinafunguka. Nafunga, natembea hatua mia, zimefunguka. Leo mara tatu. Magnum anaruka ukuta, anakimbizwa na Zeus na Apollo, mbwa wa Higgins, na kamba zake zimekaa. Anafanyaje?

FundiUzi

Kamba ya ngozi mpya ni ngumu na ina utelezi, haishiki fundo. Ilowanishe mwishoni, urefu wa upana wa vidole viwili, funga ikiwa mbichi, iache ikaukie hapohapo kwenye fundo. Isipokubali, usifunge kabisa: zungushia kila ncha juu yake yenyewe mara nne au tano, pitisha ncha ndani ya mizunguko, vuta hadi iwe kama kipipa kidogo. Viwili vinaning'inia mbele ya kiatu, na hapo unaingiza mguu na kutoa bila kuinama.

NahodhaWaNchiKavu

Vipipa vimekubali. Cha kushoto kimekaa vizuri kuliko cha kulia, lakini sivifungui tena.