Picha za mgeni rasmi zilitoka jioni ileile, majina ya watoto yakachukua siku tisa

Wakuu, heshima zenu. Hili jambo nimekaa nalo wiki ya pili sasa. Mama watoto kaniambia niachane nalo, nimeshindwa. Naandika kwa simu, makosa mtanivumilia. Wilaya yangu siitaji. Ni moja ya zile za kanda ya kati ambazo ukishaacha lami unasahau lami inafananaje. Wahusika watajijua.

Kwa wasio na watoto shule za msingi: kila mwaka kuna mashindano ya michezo yanaitwa UMITASHUMTA, na wenzao wa sekondari wana UMISSETA. Inaanzia shuleni, inapanda kata, wilaya, mkoa, hadi taifa. Kuna soka, pete, wavu, mikono, riadha, kwaya, ngoma. Nyie wa mjini mnaona ni michezo tu ya kupoteza vipindi. Huku kwetu kuna mtoto yuko darasa la sita na hajawahi kulala kijiji kingine ila siku ya msiba. Kuchaguliwa timu ya wilaya kwake ndiyo kuiona dunia.

Binti yangu yuko darasa la sita, ni mfungaji wa mpira wa pete. Goli lao pale shuleni ni nondo aliyoikunja fundi kwa macho bila kipimo, ikafungwa kwenye nguzo ya mti. Fundi akaikunja ndogo kuliko ya kweli. Mwalimu wa michezo aliponiambia nilicheka, lakini ndiyo bahati yenyewe: mtoto aliyezoea kupenyeza mpira kwenye tundu lile, ukimpeleka kwenye goli halali hakosi. Kata wameshinda. Wakapelekwa wilayani, kilomita 43, juu ya fuso iliyokuwa imetoka kushusha simenti. Watoto walifika wamepauka kama wamepakwa unga.

Fuso tulilipa wazazi. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana najua kuna mtu ataniletea "elimu ni bure". Ruzuku ya serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Hapo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndiyo inashuka shuleni. Shule yetu ina watoto 500 na ushee, pigeni wenyewe: milioni tatu na kidogo kwa mwaka mzima, kama laki mbili na nusu kwa mwezi. Humo humo kuna chaki, mitihani, kitasa cha ofisi kilichovunjika, na michezo. Mpira wa pete mmoja tuliununua 35,000. Kwa hiyo mwalimu mkuu akiita kikao akasema "wazazi wenzangu, kwa hiari" sisi tunajua hiari hiyo maana yake nini, na tunatoa. Mimi nilitoa 2,000 ya kata na 5,000 ya wilaya. Sijalalamika na silalamiki leo. Pesa yangu iliendesha fuso, fuso nimeliona.

Nenda sasa kwenye siku yenyewe, Jumamosi. Fainali ya pete ilipangwa saa nne. Watoto walipangwa mistari uwanjani kumsubiri mgeni rasmi. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, jua mnalijua la huku. Kwaya ya shule moja iliimba wimbo uleule mara tatu kwa sababu mshereheshaji kila mara alitangaza "msafara umekaribia". Mgeni rasmi kafika saa sita kasoro, akakagua timu, akahutubia dakika arobaini kuhusu umuhimu wa michezo kwa afya ya mtoto. Watoto waliokuwa wamesimama tangu asubuhi. Bila maji. Kuhusu afya.

Mechi ikachezwa saa saba. Binti alikuwa peku, kidole chake cha kati cha mkono wa kulia mwalimu amekifunga kwa kipande cha kitenge kwa sababu kilitetereka nusu fainali. Wakafungwa kwa tofauti ya goli moja. Lakini magoli mengi ya timu yao alifunga yeye, na watu wa wilaya waliokuwa na daftari pale pembeni walimuuliza jina lake na la shule. Nililiona kwa macho yangu. Mmoja akasema, "Huyu wa kitenge muandike." Nikarudi nyumbani nimevimba kifua.

Jioni ileile, kabla fuso halijafika kijijini, ukurasa wa halmashauri ulikuwa tayari umetupia picha. Kumi na nne, nimezihesabu. Mgeni rasmi akishuka kwenye gari. Mgeni rasmi akisalimiana na kamati. Mgeni rasmi akipiga mpira, mguu juu, na kiatu cha ofisini. Meza kuu wakiwa na maji ya chupa. Meza kuu tena. Halafu habari yenyewe aya tano: fulani "ahimiza", fulani "asisitiza", fulani "awataka wazazi". Jina la mtoto hata mmoja hakuna. Shule iliyochukua ubingwa wa pete haikutajwa. Matokeo ya riadha hayakutajwa. Mtu wa mbali akiisoma habari ile anaweza kudhani mashindano yalikuwa ya kutoa hotuba na mgeni rasmi ndiye kaibuka mshindi.

Picha ya tisa ndiyo iliyoniua. Mgeni rasmi anakabidhi mpira. Wamekata picha pembeni, kwa hiyo anayeupokea haonekani. Unaona mikono miwili tu, na kidole kimefungwa kitenge.

Nilimwonyesha binti. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama muda, akasema, "Baba, hii ni mimi hii." Akaenda kumwonyesha bibi yake.

Basi, tukasubiri orodha. Wenye watoto mnajua kusubiri kwenyewe. Kila siku anatoka shule namuuliza, anasema bado. Jumatatu bado. Jumatano bado. Ijumaa akaacha kusubiri nimuulize, akasema mwenyewe mlangoni, "Baba, kwani mimi sikuchaguliwa?" Nikamwambia wamechagua wakubwa wa darasa la saba, mwakani zamu yako. Nilisema hivyo nikiamini.

Jumatatu ya pili, siku ya tisa tangu fainali, mwalimu wa michezo kanipigia. Sauti tu ilitosha. "Mzazi, nisamehe sana. Naomba uje shuleni."

Kanipa karatasi. Orodha ya timu ya wilaya, mpira wa pete, jina la binti yangu namba nne. Muhuri wa Jumatatu iliyotangulia, yaani siku mbili tu baada ya fainali. Maelekezo: wachezaji waripoti kambini Alhamisi saa nne asubuhi, wakiwa na godoro na shuka. Alhamisi hiyo ilishapita siku nne. Kambi imeshajaa, na kwenye nafasi za ambao "hawakuripoti" wamewekwa watoto wa shule mbili za palepale makao makuu. Siwalaumu wale watoto, wala wazazi wao. Wao walikuwa karibu na mlango.

Siku zote hizo karatasi ilikuwa wapi? Kwenye kishubaka cha kata yetu, pale ofisini wilayani. Ndiyo utaratibu wao: barua za kata zinaingizwa kwenye kishubaka, zinasubiri mtu wa kata hiyo afike mjini kwa shughuli zake. Aliyeichukua hatimaye ni mwalimu wa shule ya jirani aliyekwenda kufuatilia madai yake ya likizo. Kaikuta, kaona jina la shule yetu, kaiweka mfukoni akampa bodaboda. Huyo mwalimu Mungu ambariki, wala haikuwa kazi yake.

Sasa nina maswali, na ninayauliza nikiwa na hasira, sifichi.

Yule aliyeposti picha 14 jioni ya Jumamosi, bando lake liliisha Jumatatu? Namba ya simu ya mwalimu wa michezo ipo kwenye fomu ya usajili wa timu, nimeiona nakala yake. Simu moja ingechukua dakika moja. Ujumbe mfupi usiofika shilingi mia. Au wangeipiga picha orodha wakairusha kwenye kundi la WhatsApp la walimu wakuu wa wilaya, kundi ambalo kila siku linadai takwimu: takwimu za madawati, takwimu za vyoo, takwimu za mahudhurio, leta kabla ya saa nane mchana la sivyo utajieleza kwa maandishi. Takwimu zinapanda kwenda juu kwa dakika. Jina la mtoto linashuka kwa kishubaka.

Na afisa elimu kata? Serikali iligawa pikipiki kwa maafisa elimu kata mwaka 2018, ili hasa shule za mbali zifikiwe. Wana posho ya madaraka, 250,000 kwa mwezi. Wa kwetu nilimfuata. Kaniambia, nanukuu, "Hiyo ni ya idara ya michezo, mimi sikuandikiwa nakala." Pikipiki ilikuwa imeegeshwa kivulini nyuma yake, safi kuliko sahani.

NECTA, baraza la mitihani, wanatoa matokeo ya darasa la saba, watahiniwa zaidi ya milioni moja nchi nzima, na dakika hiyohiyo mtoto wa porini kabisa akipata simu ya mjomba anayaona. Milioni moja! Halmashauri yangu imeshindwa kufikisha majina kumi na kitu kilomita 43.

Msiniambie ni ukosefu wa magari. Mbio za Mwenge wa Uhuru zikipita wilayani kwetu, magari yanapatikana. Watoto wa halaiki wanabebwa, wanarudishwa, wanapewa na soda. Ratiba ya Mwenge inajulikana hadi na wachunga mbuzi, dakika kwa dakika. Kwa hiyo taarifa kufika tunaweza. Tunachagua ipi ifike.

Kuna jamaa yangu mmoja alinikatisha tamaa, akasema enzi zetu michezo yenyewe ilifutwa mashuleni, tulipona. Ni kweli, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipigwa marufuku, na mimi nilikuwa kwenye umri huo. Nilikuwa nakimbia mita 1500, nikaambiwa rudi darasani. Sijui ningefika wapi, pengine popote. Lakini hiyo ya kwangu angalau iliamriwa na mtu. Ya binti yangu haikuamriwa na mtu yeyote. Alichaguliwa, akaandikwa, akagongewa muhuri, akasahauliwa kwenye shubaka.

Na Septemba 2025 mwanariadha wetu Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia kule Tokyo, 2:09:48, akimpita Mjerumani kwa sekunde 0.03, mtoto wa Singida, wa kanda hiihii ya vumbi, nani hakuposti? Kila ofisi ilikuwa na bango la pongezi. Tunawapenda wakishafika Tokyo. Wakiwa namba nne kwenye karatasi hatuna hata vocha ya kuwapigia.

Mambo ya vijeba, wale waliozidi umri, kwenye timu za shule za mjini nayaacha, huo ni uzi mwingine, na wapo wenye ushahidi kuliko mimi.

Ninachotaka ni kidogo sana. Ukurasa uleule wenye picha 14 uweke majina. Timu zote, shule walizotoka, nani kachaguliwa, aripoti lini, wapi. Picha ya mgeni rasmi wekeni tu, hata tano, hatumwonei wivu. Na aliyekaa na orodha ile aandike barua kwa shule, siyo kwangu, amweleze mwalimu yule anayefundisha sayansi vipindi vyote na bado anabaki hadi saa kumi na mbili jioni kufundisha pete bila senti.

NYONGEZA: Naona wengi mnauliza kama binti anajua. Anajua. Sikuweza kumficha, karatasi aliiona mezani akasoma jina lake. Hakulia. Aliuliza godoro tungelitoa wapi, maana analala na mdogo wake.

NYONGEZA 2: Aliyeniambia nifuate ngazi: nimeanza na mwalimu mkuu, nikaenda kata, nikaandika barua wilayani, nina nakala iliyogongwa "imepokelewa". Imepokelewa wapi sijui, nadhani ipo kishubakani.

NYONGEZA 3: Leo asubuhi nimepigiwa na namba ngeni, mtu mpole sana, anasema anatoka ofisini, uzi umewafikia. Haikuchukua siku tisa, naona. Hakuuliza habari ya mtoto. Kauliza kama kweli ninayo ile orodha yenye muhuri na tarehe, au nimesimuliwa tu. Nimemjibu ninayo, na nakala tatu nimeshatoa.